Siku moja mezani kwa fundi wa laptopu: kazi yetu si kupiga Windows tu

Mtu akisikia wewe ni fundi wa laptopu, kichwani mwake kazi yako ni moja: kupiga Windows, yaani kuifuta na kuiweka upya. Laptopu nzito, piga Windows. Haiwaki, piga Windows. Inachemka hadi haipakatiki, piga Windows. Naipenda kazi hii na nimeisomea, ndiyo maana nimeamua kuandika siku yangu moja ilivyokwenda, ili watu waone muda wa fundi unaishia wapi. Mwingi unaishia kwenye kutafuta chanzo cha tatizo, na kwenye kulinda faili za mtu ambaye hajui kwamba ziko hatarini.

Saa mbili kasoro robo asubuhi. Nafungua, nawasha taa ya meza, navaa mkanda wa mkononi wa kuondoa umeme tuli, kisha naangalia jaribio la RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) lililokesha likiendelea. Ni laptopu iliyokuwa ikileta skrini ya bluu na kujizima. Makosa yamejaa. Nachomoa kadi moja ya RAM, najaribu iliyobaki peke yake, iko safi. Tatizo limepatikana, na Windows yake haikuwa na kosa lolote.

Saa mbili. Wateja wa kwanza. Kila mashine ninayoipokea naandika namba yake ya utambulisho, ukubwa wa RAM na aina ya diski mbele ya mwenyewe, naye anatia saini. Kazi yetu imechafuliwa jina. Mtu anakukabidhi laptopu huku macho yake yakisema utamwibia RAM. Simlaumu, wapo waliofanyiwa hivyo. Namwonyesha kila kitu kwenye skrini, tunaandika, tunaendelea.

Mama mmoja amekuja na mashine ambayo "imekufa". Namwomba chaja, ananipa ya simu, yenye kichwa cha USB-C. Kichwa kinaingia vizuri, kwa hiyo alidhani inatosha. Chaja za aina hii huafikiana kwanza na laptopu kuhusu volti za kutumia: 5, 9, 15 au 20. Laptopu nyingi zinataka 20, na chaja ndogo isiyofika huko hukataliwa, au hupeleka umeme kidogo mno. Nachomeka ya wati 65, taa inawaka. "Ndiyo hivyo tu, mwanangu?" Ndiyo hivyo tu, mama. Akafurahi, nami nikafurahi, maana fundi aliyemwona kabla yangu alishamwambia anunue laptopu nyingine.

Baada yake, kijana mwenye laptopu "haiwaki". Nabonyeza kitufe, feni inazunguka, kioo kimebaki cheusi. Namulika tochi kwenye kioo kwa pembeni: maandishi yanaonekana kwa mbali. Maana yake mashine inawaka, ila taa ya nyuma ya kioo ndiyo haipati umeme. Ningeweza pia kuichomeka kwenye skrini ya nje kwa HDMI na kuona kwamba mashine inawaka. Kebo ya kioo imechubuka kwenye bawaba. Ndiyo mambo ninayotaka watu wayajaribu kabla ya kusema imekufa.

Saa tatu na nusu. Dada analalamika kwamba sehemu ya kuburuza kidole haibonyezeki. Alishabadilishiwa mahali pengine na tatizo likarudi. Naiweka laptopu juu ya kioo cha meza, inayumba. Sihitaji kuona zaidi. Naizima, nachomoa chaja, nafungua skrubu za chini polepole, na mfuniko unaachia wenyewe kabla sijauvuta. Betri imevimba. Seli zake, ambazo zilipaswa kuwa bapa, zimefura kwa gesi na kuisukuma ile sehemu kutoka chini. Gesi hiyo hutokea pale kemikali za ndani ya betri ya lithiamu zinapoharibika, na joto pamoja na kuchomekwa umeme muda wote vinaharakisha uharibifu huo.

Hapa sina masihara na mtu. Betri iliyovimba haitobolewi, haibanwi irudi mahali pake, haichajiwi hata dakika moja. Naibandua kwa kadi ya plastiki, kamwe si kwa bisibisi, na naiweka kwenye chombo cha chuma mbali na meza hadi ipelekwe inakokusanywa taka za betri. Dada alikuwa akilala na laptopu kitandani ikiwa kwenye chaji. Nimemwonyesha pia mpangilio unaozuia chaji isipite asilimia 80. Laptopu nyingi za sasa zinao, na watu hawaugusi.

Saa nne. Ameingia kaka aliyekula siku yangu.

Mkononi laptopu, sikioni simu. Hajaketi vizuri ameshasema: "Fundi, nipigie Windows haraka, nina kikao saa nane." Namuuliza ina shida gani. Inachukua muda mrefu kuwaka, folda zikifunguliwa zinaganda. Imeshapigwa Windows mara mbili kwingine, ikakaa vizuri siku chache, ikarudi kulekule. Niliposikia hilo nikajua cha kuangalia. Nikaiwasha kwa flashi yenye Linux, mfumo mwingine badala ya Windows, ili nisiguse diski yake, nikasoma taarifa za afya ya diski ambazo diski yenyewe huziweka. Ni diski ya zamani ya kuzunguka. Sekta (vipande vidogo vya diski) zilizohamishwa kwa kuharibika ni nyingi, na zinazosubiri, yaani zile ambazo diski imeshindwa kuzisoma, ni nyingi zaidi.

Nikamwambia: kaka, diski yako inakufa. Akasema: "Sawa, wewe piga Windows tu."

Nikamuuliza faili zake za muhimu ziko wapi. Akanijibu kwa uhakika wote: "Hizo usijali, ziko kwenye D."

Jibu hili linaniumiza kila ninapolisikia, na nalisikia sana. C na D za laptopu nyingi ni diski moja iliyogawanywa. Ni nyumba moja yenye vyumba viwili. Paa likishika moto, huokoki kwa kuwa ulilala chumba cha pili. Ni kweli kwamba kupiga Windows kwenye C hakufuti D, na hapo ndipo watu walipopata imani hiyo. Lakini diski ikifa, inakufa na herufi zake zote. Na kupiga Windows kwenye diski dhaifu ni kuilazimisha iandike gigabaiti kwa gigabaiti wakati nguvu iliyobaki ingetumika kusoma kazi yako itoke.

Nikamweleza yote hayo. Akapokea simu katikati. Nikaanza upya. Akasema fundi wa kwanza hakumwambia hivyo. Nikamwonyesha zile namba kwenye skrini. Akasema namba hazielewi, yeye anaelewa kikao. Nikamuuliza kwenye D kuna nini. Akanyamaza kidogo, kisha akasema: tasnifu, data za utafiti, na picha za mtoto tangu kuzaliwa. Nakala nyingine iko wapi? Hakuna.

Nikakataa kupiga Windows. Nilimwambia waziwazi kwamba anaweza kuichukua laptopu yake na kwenda kwa mwingine, lakini mimi siifanyi kazi hiyo kabla ya kutoa faili. Alikasirika, na kwa sauti. Wateja wawili waliokuwa wakisubiri waligeuka kutazama. Watu hawaoni kwamba kukataa nako ni kazi. Kupiga Windows kungenichukua chini ya saa moja na angeondoka akinishukuru.

Mwishowe akasaini. Nikaitoa diski, nikaichomeka kwenye kompyuta yangu pamoja na diski nzima ya ukubwa huohuo, nikaanzisha ddrescue. Programu hii kwanza inachota maeneo yanayosomeka, inaruka yaliyoharibika, na inaweka kumbukumbu ya ilipofika. Baadaye ndipo inarudi kung'ang'ana na mabaya. Mpangilio huo una sababu: diski inayokufa haitakiwi kumalizia pumzi zake kwenye sekta moja mbovu huku nzuri zikingoja. Ingekuwa inagonga tik-tik nisingeigusa kabisa. Ningeizima na kumwelekeza kwenye maabara ya kuokoa data, kwa sababu hapo kichwa cha kusomea kinaweza kukwangua sahani na kufuta kila kitu.

Ikaanza vizuri, ikafika mahali ikajikokota. Naye akawa yuko juu ya bega langu. Imefika wapi? Bado? Haiwezi kuongezwa kasi? Nichomoe tu folda moja ya D? Akaomba tuisimamishe airudishe diski, afungue barua pepe dakika tano. Hapana. Akauliza kwa nini anatozwa kwa kompyuta inayonakili yenyewe. Nikamjibu kwamba anatozwa kwa kujua ni nini cha kufanya na nini cha kuacha. Saa saba na nusu akaondoka akakimbilie kikao, akaazima laptopu ya mtu, na kimya kilichobaki nilikihitaji.

Nilikula nikiwa nimesimama.

Mchana ukanikuta na bodi, yaani sakiti kuu ya laptopu, iliyomwagikiwa kinywaji jana yake. Mwenyewe aliikausha kwa mashine ya kukaushia nywele, akaiona kavu, akaiwasha. Kimiminika kikiwa ndani na umeme ukipita, chuma kinaanza kuliwa palepale. Ikimwagikiwa, shikilia kitufe hadi izime, chomoa chaja, igeuze juu chini, uilete bila kuijaribu. Multimita, kipimo cha umeme, inaonyesha njia kuu ya umeme imegusana na ardhi (upande hasi wa sakiti), karibu omu sifuri, yaani umeme unapita bila kizuizi. Kwenye njia hiyo kuna kapasita (vipande vidogo vya kutunza umeme) kadhaa zinazofanana, na yoyote inaweza kuwa ndiyo. Hapa ndipo kazi yangu inaponipa raha hata nikiwa nimechoka. Napaka alkoholi juu ya bodi, iwe na utando mwembamba unaong'aa, kisha naingiza volti 1 tu kutoka kwenye chanzo cha umeme cha mezani, huku nikichungulia kwenye hadubini. Umeme wote unakimbilia penye kasoro, na penye kasoro panapata joto. Sekunde chache, na utando unatoweka juu ya kapasita moja ambayo urefu wake haufiki milimita 2. Pengine pote bado panang'aa. Naing'oa kwa hewa ya moto, napima tena, mgusano umeondoka. Nalehemu nyingine ya thamani ileile kutoka kwenye bodi chakavu, nasugua kutu ya kijani kwa brashi, nawasha. Feni inazunguka.

Shingo inauma. Sikumbuki tena ilikuwa saa ngapi alipokuja mzee ambaye laptopu yake, baada ya kubadilishiwa bodi, inadai ufunguo wa BitLocker, kufuli la Windows la kufunga faili za diski, tarakimu 48. "Wewe si fundi? Itoe." Haitoki, mzee wangu. Imetengenezwa isitoke, ili mwizi akiiba laptopu asisome chochote. Tuliingia kwenye akaunti yake ya Microsoft kwa simu, tukapekua, tukaukuta umehifadhiwa humo. Angekosa hapo, faili zingekuwa zimekwenda. Uchapishe ufunguo wako leo, uuweke mbali na laptopu.

Jioni ni saa ya simu, na karibu zote zinauliza swali moja: ninunue ipi? Mmoja ameonyeshwa laptopu ya mtumba yenye prosesa ya Intel aina ya i7, amefurahi. Namwambia asome namba zinazofuata. Core i7-4600U ni ya mwaka 2013 na ina viini viwili tu vya kufanyia kazi. Core i5-8250U ya mwaka 2017 ina vinne, nayo ni i5. Msaada wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inataka TPM 2.0, yaani chipu ya usalama, na kwa Intel, prosesa inazokubali karibu zote ni za kizazi cha nane kwenda mbele. Kwa hiyo hiyo i7 ya kizazi cha nne anauziwa jina. Achukue yenye SSD, yaani diski isiyozunguka, RAM isipungue gigabaiti 8, na aulize kama RAM imelehemiwa kwenye bodi, maana ikiwa hivyo na hakuna nafasi ya kuchomeka kadi nyingine, haiongezeki. Na akiwa bado mbele ya muuzaji aandike powercfg /batteryreport kwenye dirisha la amri, alinganishe ujazo wa betri ilipotoka kiwandani na ujazo wa sasa. Muuzaji mkweli hatakasirika.

Giza limeshaingia ddrescue inamaliza mzunguko wake wa mwisho. Sehemu kidogo sana haikusomeka. Nafungua nakala, kamwe si diski yenyewe, naingia kwenye D. Tasnifu inafunguka hadi ukurasa wa mwisho. Majedwali ya data yapo. Kwenye picha, baadhi zimekatika nusu, zina rangi ya kijivu chini, na hizo nimeziorodhesha kwa majina ili aambiwe ukweli.

Nikampigia simu. Sauti yake ilikuwa ya mtu mwingine. Akauliza anaweza kuja kuchukua asubuhi na mapema. Aje, SSD mpya nitamfungia na Windows nitampigia, sasa ni wakati wake. Ila nimemwambia aje na diski ya nje, kwa sababu sitamkabidhi faili zile zikiwa kwenye kifaa kimoja tu.