Koilova kwenye gari ya kila siku huku Mtwara, mimi nilichagua hivi

Shokapu za nyuma za Toyota Runx yangu zilikufa mwezi wa nne. Zilikufa kabisa, yani ukipita tuta mkia unarukaruka mara tatu nne ndo unatulia, na mimi nakaa Mikindani kazini ni mjini kwahiyo matuta nayala asubuhi na jioni, halafu kila mwisho wa mwezi naenda Tandahimba kwa bi mkubwa, na kule huwezi kurudi mikono mitupu, unarudi na gunia la mihogo, korosho, na majirani wawili wameomba lifti. Nikajisemea kama nabadilisha basi nibadilishe zote nne, na kama ni zote nne kwa nini nisifunge za kuadjasti kabisa, yani koilova, seti ya shokapu na springi ambazo unaweza kuzirekebisha. Bajeti laki tisa, fundi na alaimenti humo humo.

Sasa wengi wetu tukisikia koilova tunawaza kushusha gari tu, ikae chini ipendeze. Mimi nilikuwa na shida ya upande wa pili, nataka gari nikiitia mzigo isigonge, nikiwa mtupu isiruke kama mpira. Lami kutoka mjini mpaka Mnivata ni kilomita 50, safi, ila mbele ya hapo kipindi kile bado walikuwa wanajenga, mara vumbi, mara daivesheni, mara shimo limejaa maji hujui kina chake. Gari iliyolala chini kule unaiua.

Kitu nilichochelewa kukielewa ni kwamba "ya kuadjasti" ni mambo mawili tofauti. Kuna kuadjasti urefu na kuna kuadjasti ugumu wa shokapu, na kit nyingine ina kimoja tu. Na hata huo urefu una njia mbili. Njia ya kwanza kile kikombe kinachoshika springi kinapanda na kushuka kwenye nyuzi, ukikishusha gari inashuka lakini pistoni ndani ya shokapu nayo inakaa chini zaidi, kwahiyo nafasi ya kubonyea inapungua na shimo dogo tu linakufikisha kwenye raba ya mwisho, ile inayozuia shokapu isigonge chuma kwa chuma. Njia ya pili bodi nzima ya shokapu inajizungusha ndani ya mguu wake wa chini, gari inashuka au inapanda na nafasi ya kubonyea inabaki ileile. Hii ya pili ni nzuri zaidi na bei yake imesimama. Kwa barabara zetu mimi naamini kabisa unachonunua ni hiyo nafasi ya shokapu kutembea. Kliki sijui ngapi, yani hatua za kuongeza na kupunguza ugumu, ni mambo ya baadae.

Kwenye kliki watu wanadanganyika sana aisee. Tein, wale Wajapani wa Yokohama, Flex Z yao ina hatua 16 za ugumu, BC Racing wa Taiwan BR yao ina 30. Vizuri, ila kliki haibadilishi springi. Ukifunga springi ngumu halafu ukalegeza shokapu mpaka mwisho hupati gari laini, unapata springi ngumu isiyo na wa kuituliza, inadunda tu.

Springi inahesabika kwa kilo kwa milimita. Piga hesabu, kona moja ya mbele ya gari ndogo inabeba kama kilo 300, springi ya 6 itabonyea milimita 50, springi ya 3 itabonyea milimita 100. Ndo maana springi ya kiwandani inalainisha kila kitu, na koilova nyingi za bei ya chini zinazokuja na 6 mpaka 8 mbele zinakupigisha meno kwenye rafu rodi. Kwahiyo kabla hujauliza bei uliza namba ya springi, huwa imeandikwa kwenye springi yenyewe. Namba ikiwa kubwa kwa gari ya kubeba mama na mihogo, acha ipite.

Na maunti za juu, zile zinazoshika kichwa cha shokapu kwenye bodi ya gari. Kuna za raba kama za kiwandani na kuna za chuma zenye boli ndani, yani kagololi ka chuma kanakozunguka. Hizo za boli stelingi inajibu vizuri kweli, ila vumbi la huku likiingia zinaanza kugonga ka ka ka na hazinyamazi. Raba. Kwa gari ya kila siku chukua raba, hapa sibishani na mtu.

Seti mpya ilinishinda bei nikaingia kwenye used za Japani. Ya kwanza nilitumiwa kwa basi kutoka Dar, picha zilikuwa zinang'aa, kufungua boksi moja inavuja oili na nyuzi zimekula kutu kikombe hakizunguki hata kwa nyundo, na zaidi zilikuwa za gari ya foo wili. Runx ya NZE124 ni foo wili na nyuma yake sio sawa na NZE121 yangu, muuzaji aliniambia zote moja. Nilizirudisha kwa tabu sana, nauli ikaniuma mimi. Tangu hapo naomba video, nione kikombe kinazunguka, nione rodi ikibonyezwa inashuka polepole kwa uzito sawa bila kukwama, nione chini kwenye sili hamna unyevu.

Seti ya pili ndo nilifunga, laki sita na nusu, ni ya kuadjasti urefu tu, ugumu haibadiliki, springi mbele 4, maunti za raba. Fundi wangu pale Magomeni ya huku Mtwara, mzee mmoja mtulivu, akaniambia "mwanangu usiifunge kwa macho, pima." Tukapima kutoka katikati ya rimu mpaka ukingo wa madigadi kila kona kabla ya kufungua chochote, maana ukipima kutoka chini upepo wa tairi unakudanganya. Mbele tukaiweka chini ya kiwandani kwa sentimita moja tu, nyuma tukaipandisha sentimita moja na nusu kwa ajili ya mizigo.

Kama gari yako nyuma springi na shokapu zimekaa mbalimbali, pandisha jeki magurudumu yaning'inie uone kama springi imelegea kwenye kiti chake, ikiwa inacheza itakuja kuchomoka kwenye shimo. Na bolti za bushi, zile raba za kwenye viungo vya chini, mzee hakuzikaza gari ikiwa juu, aliishusha kwanza ikasimama kwa uzito wake ndo akakaza, kwa sababu ukikaza inaning'inia raba inajikunja na baada ya muda inachanika. Mafundi wengi wanaruka hapo, simama uangalie. Pia angalia mpira wa breki usivutwe ukikata kona mpaka mwisho.

Alaimenti nilisubiri wiki, springi zikae kwanza. Ukibadilisha urefu tairi za mbele zinabadilisha zinavyoangaliana, ukipuuza zinaliwa upande mmoja na hela uliyookoa inaishia kwenye matairi.

Mwezi uliopita nimeenda Tandahimba, nimerudi na magunia mawili na watu watatu nyuma. Raba ya mwisho imegusa mara moja tu, kwenye mtaro mmoja ambao sikuuona. Ukiwa mtupu nyuma bado ngumu kidogo, wadogo zangu wamelalamika, nafikiria kuishusha nusu sentimita. Nyuzi nimezipaka grisi na kuzifunga na tyubu ya baiskeli kwa sababu ya chumvi ya bahari huku Mikindani, na vikombe nitavizungusha kila baada ya miezi mitatu visishikane. Bushi za bimu ya nyuma bado za zamani, hizo ndo zinafuata mshahara ukitoka.