Siku moja kwenye chumba cha kupikia vyuma

Mtaani kwetu Uyole wanajua nafanya kazi hospitali, basi. Nikisema siko wodini wala famasi wananiangalia: sasa huko unafanya nini? Napika vyuma. Ndilo jibu nililompa hata mama mkwe. Kila koleo, drili, pleti ya kuungia mfupa na skrubu inayoingia mwilini mwa mgonjwa wetu inapita kwanza mikononi mwangu.

Saa 11:15 alfajiri niko kwenye daladala, koti limefungwa hadi kidevuni. Julai ya Mbeya haina utani. Saa 12:30 nawasha otoklevu, mashine yangu ya kuua vijidudu kwa mvuke, ikiwa na karatasi ya kipimo tu ndani, nione kama mvuke unaifukuza hewa yote. Karatasi ikigeuka rangi sawasawa kote, siku imeanza. Ikibaki na doa katikati, thieta, chumba cha upasuaji, wasubiri.

Saa 1 hadi saa 3 ni kuosha. Vyuma vya usiku vimekuja vya kutosha, bodaboda hazilali. Naloweka kwenye sabuni ya vimeng'enya, ile inayokula damu na nyama, kisha nasugua. Kazi iko kwenye drili zenye tundu katikati. Napitisha brashi nyembamba kama mshipi wa kuvulia, navuta, naiangalia kwenye taa. Rangi ya chai. Narudia. Rangi ya chai hafifu. Narudia. Damu ikikauka mle ndani, mvuke hauigusi, na bakteria waliojificha chini yake wanatoka wazima.

Saa 3:40 akaja mzee kutoka Kiwira.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Daktari anakisubiri hiki."

Mfuko wa kaki. Ndani pleti moja ya mguu na skrubu saba, vifungashio vyote vimechanwa. Alizifungua dukani azihesabu asije akapunjwa. Mjukuu wake yuko kwenye foleni ya thieta, naye anataka nimfungulie mlango apeleke mwenyewe.

"Ni mpya, mwanangu. Haijavaliwa na mtu."

Nikamweleza kwamba chuma kipya kina mafuta ya kiwandani, na sasa kina vidole vyake na vya muuza duka. Akasema basi chemsha kwenye sufuria, mbona sindano zamani zilichemshwa. Nikamwambia mzee, Mbeya tuko mita 1,700 hivi juu ya bahari, maji yetu yanachemka kwenye nyuzi 94 tu, ndiyo maana hata maharage yanatusumbua. Mashine yangu inabana mvuke hadi nyuzi 134. Akauliza itachukua muda gani. Saa moja na nusu. Akatoa simu akampigia binti yake, binti akampigia mtu mwenye cheo, mwenye cheo akanipigia mimi. Nikampa naye habari ya maharage.

Kilichomtuliza ni ndoo. Nilimuuliza: ndoo ya maji ukiiacha wiki nzima, ukipitisha kidole ndani unakuta nini? Utelezi. Basi bakteria wanafanya vivyo hivyo juu ya chuma. Wanashikilia, wanajifunika utando, dawa za kuua vijidudu zinashindwa kuupenya, na mwisho mara nyingi daktari anafungua tena mguu kukitoa chuma. Akakaa kwenye benchi. Dakika 45 zangu zilikuwa zimekwenda.

Nikaziosha, nikafunga, nikaingiza. Mashine imefika 134, inahesabu dakika, umeme ukakatika.

Jenereta iliwaka, lakini mashine haikumbuki ilipoishia. Mzigo wote unahesabika haujapikwa. Kufungua, kufunga upya, tepu mpya ile inayogeuka rangi ikipikwa, kuanza mwanzo. Hapo saa ngapi, sijui. Chai yangu ilikuwa na utando juu.

Daktari kijana anayesomea mifupa akaja kuulizia seti ya vyuma, akaona sura yangu, akavuta kigoda. "Dada, siku zinakuja hutateseka hivi." Akaanza habari ya peptidi, vipande vifupi vya protini vinavyopakwa juu ya chuma. Mwaka 1987 Mmarekani Michael Zasloff alijiuliza mbona vyura wa Afrika aliowapasua na kuwarudisha kwenye maji yasiyo safi walipona bila usaha. Kwenye ngozi yao akakuta peptidi akaziita magainini, kutoka neno la Kiebrania la ngao. Zina chaji chanya, utando wa bakteria una chaji hasi, zinavutana, bakteria anatobolewa. Tena ziko nyingine za asidi amino, yale matofali ya protini, tatu tu ambazo seli zetu huzishika kama mpini. Zikipakwa kwenye chuma, seli za mfupa zinawahi kiti kabla ya bakteria.

Chura! Nilipenda. Lakini mimi ni mtu wa sinki, nikamuuliza: hiyo peptidi si protini? Na sabuni yangu si inakula protini? Nikiiloweka asubuhi, jioni nampelekea chuma kitupu. Akacheka hadi akashika kichwa. Akakiri mwilini pia kuna vimeng'enya vinavyozikatakata, na kwamba nyuzi 134 baadhi zinavumilia, nyingine zinaharibika, ndiyo maana watafiti bado wanahangaika. Waje na huo mpako, naungojea kwa mikono miwili. Ila drili ya kuutobolea mfupa haitapakwa chura, itakuja kwangu na damu yake.

Seti ikatoka kavu, mistari ya tepu imekuwa myeusi, nikaandika namba ya mzigo kwenye daftari, ikaenda. Baada ya hapo ni kufunga tu, nguo za thieta, seti za wazazi, miguu inawaka moto. Vyuma vya mjukuu vilirudi giza limeshaingia. Zilitumika skrubu sita.

Navua aproni, mlango unagongwa. Mzee wa Kiwira.

"Ndaga, asante mwanangu, wamemaliza salama. Sasa ile ya saba iko wapi? Niliilipia."

Nikavaa glavu tena, nikarudi kwenye sinki kuitafuta.