Brekipointi haikupotea, ni mimi

Leo nimeshinda na mstari mmoja wa kodi, na mstari wenyewe unakokotoa kodi, kwa hiyo nikiongea na watu wa uhasibu inabidi niseme "kodi ya kompyuta" ndo wanielewe, maana kwao kodi ni ile inayolipwa tu. Shida ni ankara zinazotoka kwenye wavuti kuingia SAP (mfumo wa kampuni wa kutunza hesabu), kodi inazidi senti moja, na sio zote, ni zile zenye mistari mingi.

Nikasema hii kazi ndogo, naweka brekipointi (alama ya kusimamisha programu kwenye mstari fulani), natuma ankara ya majaribio, inasimama, naona. Nikatuma. Ankara ikaingia kimya kimya, ikapewa na namba kabisa. Nikaweka nyingine mstari wa juu, nyingine juu zaidi, mpaka mwanzo wa fankisheni (kipande cha kodi ya kompyuta chenye kazi yake), skrini nzima vidoti vyekundu kama mtoto mwenye surua, na bado haisimami.

Kumbe nilikuwa naweka brekipointi za sesheni. Hizo ni za logini yangu tu, nikitoka zinafutika, na ankara ya wavuti haipiti kwenye logini yangu hata kidogo, inaingia kwa RFC (njia ya mfumo mmoja kuita fankisheni za mwingine) na yuza mwingine kabisa aliyewekwa kwa ajili ya kuunganisha mifumo. Hapo inatakiwa brekipointi ya nje, na kwenye setingi utaje ni ya yuza yupi, ukiacha jina lako inakusubiri wewe. Hii naijua jamani, nimeshamfundisha mtu, ndo kinachouma.

Nikabadilisha jina, ikasimama! Papo hapo nikaitwa kikaoni. Kurudi natuma tena, kimya. Brekipointi ya nje ina muda wake, masaa 2 kama hakuna aliyegusa hiyo setingi, na kikao kilikula zaidi ya hapo (eti kikao cha dakika 20, ila tuyaache). Jamaa wa meza ya pili ananiambia si uandike tu amri ya BREAK-POINT ndani ya kodi ya kompyuta yaishe. Nikamwambia kaka, hiyo inamsimamisha kila mtu anayepita hapo, kesho nitapigiwa simu na jengo zima.

Nikaweka upya. Inasimama, namba ziko safi, kodi ya ankara ni 1.01. Naenda kwenye jedwali ilikohifadhiwa, 1.02. Hapo nikavua miwani nikafikicha macho. Yaani kosa liko mbele zaidi, kwenye fankisheni ya kuhifadhi, ambayo imeitwa IN UPDATE TASK, na hiyo inasubiri COMMIT WORK (amri ya kukamilisha mabadiliko) halafu inakimbilia kwenye prosesi nyingine, diibaga (kifaa cha kufuatilia programu mstari kwa mstari) haiifuati mpaka uiwashie kabisa kwenye setingi zake. Nikawasha, dirisha jipya likafunguka lenyewe, nusura nipige kelele ofisini.

Mistari 3, kila mmoja kodi yake 0.335. Kule mwanzo inajumlisha kwanza, inapata 1.005, ndo inakadiria kuwa 1.01. Huku kwenye kuhifadhi inakadiria kila mstari peke yake, 0.34 mara tatu, 1.02. Ndo hiyo senti.

Sijarekebisha bado, uhasibu waniambie wanataka ipi kati ya hizo mbili. Nimefuta brekipointi zote, zilikuwa kumi na kitu, nyingine hata sikumbuki niliziweka saa ngapi.