Chini ya nyumba ndo kwenyewe

Ukifika huku ukaambiwa panda juu, ukaketishwa sebuleni kwenye zulia, ukaletewa chai ya sukari kibao na barongko (ndizi iliyopondwa na mayai na tui, ikapikwa kwenye jani la mgomba), jua we bado mgeni. Siku watakayokuacha chini ya nyumba hakuna anayehangaika na wewe, unasukumiwa tu kisu na beseni la vitunguu, basi hapo umeshaingia.

Naongelea kijijini kwa mume wangu, Soppeng, Sulawesi Kusini, Indonesia. Kabila lao ni Wabugis. Kutoka Makassar ni masaa kama manne hivi kwa gari ukipita milimani, afu unashuka kwenye bonde la mto Walanae na kuanzia hapo ni mpunga mpaka uchoke. Mi nimekulia Ifakara kwahiyo majaruba sio kitu cha kunishangaza, kilichonishangaza ni nyumba.

Nyumba za hapa zimesimama juu ya nguzo za mbao, mtu mzima anapita chini bila kuinama. Zina ngazi tatu: juu kabisa darini wanapaita rakkeang, ndo ilikuwa ghala la mpunga, katikati wanaishi watu, na chini ni awa bola. Wazee wanakwambia ni dunia tatu, ya juu ya kati na ya chini, na kuna nguzo moja inaitwa kitovu cha nyumba, posi bola, siku ya kuhamia nyumba mpya wanaitundikia mikungu ya ndizi na watoto wanazigombania vibaya mno. Ukiangalia paa pale mbele unaona mbao zimepangwa kwa tabaka, zamani ilikuwa ndo kitambulisho, tabaka nyingi ni ukoo wa kifalme, mtu wa kawaida huruhusiwi kujipachikia. Siku hizi wenye hela wanajenga za tofali. Nzuri kwa kuangalia, mchana ndani ni jiko la mkaa, na mchana huohuo utawakuta wenyewe wamejazana awa bola kwa jirani mwenye nyumba ya mbao!!

Maana huko chini ndo kila kitu kilipo. Pawatila inalala hapo, pikipiki, magunia, majembe, kuku, kichanja cha mianzi cha kukalia, bembea ya mtoto iliyofungwa kwenye nguzo mbili. Mamkwe anapepeta mchele hapohapo na kupokea taarifa zote za kijiji, nani kaenda kuhiji, nani kakataliwa posa, na akipita mzee wote mnashusha sauti. Ukitaka kupita mbele ya waliokaa unainama kidogo, mkono wa kulia unaelekeza chini, unasema tabe'. Hata mtoto wa miaka mitatu anafanya, na asipofanya anayeumbuka ni mama yake. Hiyo habari ya kuumbuka huku sio ndogo, wanaiita siri', heshima na aibu kwa pamoja, na kuna vitu mtu hafanyi hata akiwa na njaa kwa sababu hiyo tu.

Wiki iliyopita kulikuwa na kikao cha kupanga lini kijiji kinaanza kusia mbegu, tudang sipulung, maana yake tu mkae pamoja. Mi nilikuwa nyuma na wamama na kahawa ila masikio yote yalikuwa mbele. Upande mmoja kuna mzee mwenye kitabu cha lontara, maandishi ya kibugis yale, anasoma hesabu za miaka na mvua za mababu, upande wa pili kijana wa idara ya hali ya hewa na laptop, katikati afisa kilimo na watu wa mfereji wanaogawa maji. Nlidhani mzee yuko pale kama urembo. Wapi! Wamebishana naye kwa heshima zote, na kijana wa laptop akawa anamuuliza maswali na kuandika. Huku mvua zenyewe zinachanganya, pwani ya magharibi inanyesha Desemba mpaka Februari na upande wa Bone kule mashariki inakolea kuanzia Aprili, na sisi tuko katikati ya hao wawili, kwahiyo kukubaliana tarehe sio mchezo, na mkipanda kila mtu na siku yake panya wanahama shamba hadi shamba msimu mzima wanakula.

Zamani baada ya kikao usiku mbegu ililala ndani kwenye nguzo ya kitovu na watu walikesha nayo, wakisomewa hadithi ya Sangiang Serri, bibi wa mpunga, na paka wake aliyemlinda akachoka kupigwa na watu. Hawa ni Waislamu tangu 1609 huku Soppeng, imamu akawa anafunga kwa dua na hakuna aliyeona shida. Sasa hivi nyumba zinazokesha ni za kuhesabu. Ila mamkwe bado hapigi paka, na punje zikimwagika anaokota moja moja huku ananung'unika.

Kitu ambacho bado kinaniuma kidogo ni kombaini. Kabla ya hapo mavuno yalikuwa na passangki, wavunaji wa mundu, wamama na wababa wanakuja kwa vikundi wanavuna na kulipwa kwa fungu la mpunga. Mjane asiye na jaruba alikuwa anapata chakula cha mwaka kwa mikono yake, hahitaji kumwomba mtu. Tangu mashine zijae miaka hii ya karibuni, inakuja moja inaingia shambani asubuhi, mchana wameshapima magunia, mwenye shamba anafurahi (na sisi tunafurahi, siwezi kudanganya, tunaikodi na sisi), mjane kakaa awa bola anaangalia. Halafu watu wanauliza kwanini vijana hawakai. Watakaa wafanye nini? Wanaenda Kalimantan na Papua hukohuko Indonesia, au Sabah kule Malaysia kwenye michikichi. Wabugis kusafiri ni jadi yao hata hivyo, msafiri wanamwita passompe', na kakao iliyojaa Sulawesi miaka ya themanini na tisini ni wao walioisambaza, lakini kusafiri kwa kutaka na kusafiri kwa kukosa ni vitu viwili.

Na wengine wanakimbilia hela ya kuoa. Huku mbali na mahari ya dini kuna uang panai, hela ya kugharamia sherehe upande wa bibi harusi, unasikia rupia milioni hamsini, mia na zaidi, binti akiwa na digrii inapanda, akishahiji inapanda tena. Wakwe zangu walipoambiwa kwetu wanataka mkaja wa mama na blanketi la bibi walicheka sana, baba mkwe akauliza mara mbili kama ni hivyo tu kweli.

Basi Ijumaa hii baada ya swala kuna kuhamisha nyumba. Sio vyombo, nyumba yenyewe. Jirani kamuuzia binamu yake ng'ambo ya mfereji, nyumba bila kiwanja, wanafunga mianzi kwenye nguzo, wanaume wa kijiji wanaingia chini wanaibeba mabegani na mtu mmoja anapiga kelele za kuhesabu kwenye spika ya msikiti. Wanawake kazi yetu kahawa na vikeki kabla, supu baada. Mi nimepangiwa kukuna nazi. Mpaka jioni hii mwenye nyumba alikuwa hajatoa friji, na mume wangu kashaanza kulalamika mgongo.