Majina ninayoyaandika kwenye kadi za kliniki

Hapa Wete kazi yangu ni kujaza kadi za watoto, na Ismaili, Yakubu, Is-haka na Musa hawakosekani. Tumeyapokea kwa Kiarabu kupitia Qur'ani, lakini asili yake ni ya kale zaidi, na mengi ni ya Kiebrania.

Ismaili nalipenda kuliko yote. Kwa Kiebrania ni Yishma'el, "Mungu husikia". Katika Biblia, kitabu cha Mwanzo sura ya 16, malaika anamkuta Bi Hajara jangwani, mjamzito, amekimbia kuteswa na Sarai (ndiye Sara, mke wa Ibrahimu), anamwambia amwite mwanawe hivyo kwa kuwa Mungu amesikia mateso yake. Shama' ya Kiebrania na sami'a ya Kiarabu ni ndugu wa damu: kila anayeinuka kutoka rukuu akisema "Sami'allahu liman hamidah" analigusa jina hilo. Mama akinitajia Ismaili, namweleza haya hata foleni ikiwa ndefu.

Is-haka ni Yitzhak, "anacheka". Sara alicheka alipoahidiwa mtoto uzeeni, na Sura Hud, aya ya 71, nayo yasema mke wa Ibrahimu alicheka. Yakubu alizaliwa ameshika kisigino cha pacha wake. Kisigino kwa Kiebrania ni 'akev, na jina lake, Ya'akov, linahusishwa na neno hilo.

La Musa lina mabishano. Biblia, kitabu cha Kutoka 2:10, inalihusisha na kutolewa majini, ila wataalamu wengi wanaliona la Kimisri, sawa na mwisho wa jina la Farao Thutmose, lenye maana ya kuzaliwa. Kwangu hilo linaingia akilini, maana Kutoka yenyewe inasema aliyempa jina ni binti wa Farao.