Saa tano na dakika kumi: siku moja ya mkalimani wa hospitali

Saa 12:20 asubuhi. Louisville, Kentucky, nje bado giza. Chai ya tangawizi kwenye chupa, kitambulisho shingoni. Mimi mzaliwa wa Tanga, kazi yangu ukalimani wa hospitali, Kiingereza na Kiswahili. Wateja wangu wengi ni Wakongo, hasa Wabembe wa Fizi, mashariki mwa Kongo, waliokaa miaka na miaka kambi ya Nyarugusu, Kigoma, kabla ya kuletwa huku. Leo Alhamisi, kliniki ya saratani, siku ya wazee. (Mambo madogo nimeyageuza, mtu asitambulike.)

Saa 1:45. Muuguzi ananipa karatasi za leo. Hapa mtu wa miaka 65 na zaidi haanzishiwi dawa za dripu kabla hajaulizwa maswali ya uzee wenyewe, mbali na uvimbe: anaanguka? Anasahau? Anakula? Dawa zake nani anampangia? Chama cha madaktari wa saratani cha Marekani kilipendekeza hivyo mwaka 2018. Zamani nilikuwa naliona dodoso hili ni refu bure. Halafu nikasoma utafiti wa Chuo Kikuu cha Rochester uliotoka 2021, wazee 718 wa miaka 70 na zaidi: pale daktari alipopewa majibu ya maswali haya, waliopata madhara makali ya dawa walikuwa asilimia 51. Pale asipopewa, 71. Tangu hapo silikimbizi.

Saa 3:00. Wa kwanza ni mwalimu mstaafu, tezi dume.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba mwanangu."

Tunaanza na kumbukumbu. Anatajiwa maneno matatu, anachora saa, kisha anayarudia yale maneno. Karatasi inasema: ndizi, macheo, kiti. Sasa, sijawahi kumsikia mtu wa Fizi akitamka "macheo". Nikisema "jua kuchomoza", nimemtwisha maneno manne badala ya matatu. "Mkalimani anaomba kufafanua," nasema. Ndivyo tunavyojitaja kazini, kama vile mkalimani ni mtu mwingine aliyeingia chumbani. Kipimo kina orodha kadhaa, muuguzi akachagua nyingine: kijiji, jiko, mtoto. Hiyo hata bibi yangu Pangani angeishika.

Halafu saa. Karatasi imeandikwa 11:10, na hapa ndipo nilipoharibu mwaka wangu wa kwanza. Nilitamka kama nilivyoona: "saa kumi na moja na dakika kumi". Mama mmoja mtu mzima akaweka mshale mfupi kwenye 5, mrefu kwenye 2. Kwetu sisi amepatia kabisa. Akapewa sifuri. Alikuwa amekumbuka maneno mawili, na saa ikiwa sawa ina alama mbili, angepata 4. Akabaki na 2, na aliye chini ya 3 huandikwa kuwa huenda akili inaanza kuchoka. Nilishtuka usiku jikoni, nikitazama saa ya ukutani huku nakoroga uji. Asubuhi nikaenda kuungama kwa muuguzi, mama akapimwa upya. Siku hizi nasema "saa tano na dakika kumi" na kunyamaza. Kumwambia mtu mshale uende kwenye 2 ni kumfanyia mtihani.

Mwalimu akachora duara safi, namba kwa mwandiko wa ubaoni, mishale miwili. Akainua kichwa: "Asubuhi au usiku?"

Saa 5:15. Bibi wa utumbo mpana amekuja na mjukuu wa miaka 16, ambaye alishajiandaa kutafsiri. Sheria hairuhusu mtoto kufanya kazi hiyo isipokuwa kwa dharura, na ni afadhali; hakuna mtoto anayepaswa kumtamkia bibi yake neno saratani.

Makaratasi yanasema kazaliwa Januari 1, 1957. Wateja wangu wengi wamezaliwa Januari 1. Ndiyo tarehe ya mtu asiyekuwa na tarehe. Katikati ya maswali mengine bibi akasema, "Wakati wa Mulele tulikimbilia ziwani, mimi na mtoto mgongoni." Nikatafsiri. Kisha mkalimani akaomba kufafanua: vita vya Mulele, ule uasi dhidi ya serikali ya Kongo, kule Fizi ni 1964. Muuguzi akaacha kuandika. Mwenye mtoto mgongoni alikuwa na miaka saba? Kwenye hesabu ya hatari ya dawa, ile waliyotoa marehemu Dkt. Arti Hurria na wenzake mwaka 2011, kufikisha miaka 72 kuna alama 2 za hatari. Hata makadirio ya figo yanaingiza umri.

"Umeanguka miezi sita iliyopita?"

"Hapana."

Mjukuu anatazama viatu vyake. "Bibi, na bafuni?"

"Ah, pale niliteleza. Kuteleza si kuanguka."

Nikatafsiri yote, methali na vyote. Bibi mwenyewe akapandisha kitenge kuonyesha goti, lina baka jeusi ukubwa wa kiganja. Muuguzi alicheka kwa methali, kisha akaandika alama 3. Majibu machache kwenye ile hesabu ya hatari yana uzito huo.

Saa 7:30. Wali maharage, maikrowevu, dakika kumi na mbili. Baadaye simu mbili za kupanga miadi.

Saa 9:40. Daktari anarudi kwa bibi. Wataanza na dozi iliyopunguzwa, mtaalamu wa mazoezi amwone, na bafuni kufungwe vyuma vya kushikilia.

Bibi kimya. Kisha: "Wananipunguzia kwa kuwa mimi mkimbizi?"

Nikalitoa kama lilivyo. Ni kazi yangu, ingawa sauti ilinikwama. Daktari akavuta kiti akakaa. Akasema mama yeyote mwenye figo hizi na aliyeanguka hivi angemwanzishia hivyohivyo, na mzunguko wa kwanza ukienda vizuri anaweza kuongeza.

"Mwambie nimesikia," bibi akasema. "Nitaangalia kama ataongeza."

Saa 10:50. Mapokezi wamempa bibi kadi ya miadi: Jumanne, 9:00. Namwomba kalamu mjukuu, naandika chini yake kwa herufi kubwa: SAA TATU ASUBUHI. Mwezi uliopita kuna mzee alikuja saa tisa alasiri, kavaa koti lake la kanisani, akakuta taa zinazimwa.