Choa kilinitesa miezi 7, kumbe dawa yake ni wiki 4

Ilianza kipindi cha masika. Mi ni bodaboda, kijiwe changu Mbagala, na ukishanyeshewa asubuhi ndo umenyeshewa, unashinda na suruali mbichi na gambuti zimejaa maji mpaka usiku maana hesabu ya bosi haijui kama kuna mvua. Nikaona kiduara paja la ndani, saizi ya shilingi, pembeni kimeinuka katikati pako kawaida, kinawasha balaa hasa nikipata jasho. Nikakipotezea.

Wiki mbili mbele vikawa vitatu. Sasa kijiweni si unajua kila mtu daktari, mmoja akasema paka maji ya betri, huyo nilimcheka, mwingine akasema twanga kitunguu swaumu upake ulale nacho, hicho nikajaribu. Aisee. Ngozi ilibabuka ikatoa malengelenge, siku tatu siwezi kukaa kwenye pikipiki, na choa chenyewe kipo palepale kinanitazama.

Ndo nikaenda duka la dawa, nikapewa tyubu ya ile krimu ya mchanganyiko, ndani ina dawa ya fangasi, antibayotiki na steroidi. Siku ya tatu tu muwasho kwisha, nikaitupa tyubu kwenye droo nikajua nishapona. Baada ya kama siku 10 kimerudi. Napaka, kinatulia, naacha, kinarudi kimeongezeka, na hivyo hivyo miezi 7, tyubu sikumbuki ngapi, na kila kikirudi hata ule uduara unapotea, likabaki bonge la baka kutoka mapajani mpaka makalioni. Mama watoto akaanza kuniangalia kwa macho ya maswali, na yeye ndo aliyenisukuma hospitali, mi ningekuwa bado napaka.

Daktari wa ngozi alikuwa mama wa makamo. Akakwangua magamba kidogo kwa kiwembe, akaweka kwenye kioo na tone la dawa, akachungulia kwenye hadubini akasema baba, fangasi hawa hapa wamejaa tele. Akaniuliza ulikuwa unapaka nini, nikamwonyesha tyubu, akatikisa kichwa. Akasema steroidi inazima muwasho na wekundu, yaani wewe unaona umepona, kumbe imeulaza ulinzi wa ngozi na fangasi wanakula bila bughudha. Nina michirizi mapajani kama ya mama aliyezaa, imetokana na hiyo krimu, na akaniambia ukweli kwamba hiyo haitafutika.

Kilichonishangaza, akasema nivue viatu. Mi nimekuja na mapaja yeye anataka miguu! Kumbe kati ya vidole kulikuwa kumechubuka kweupe, na ukucha wa dole gumba mguu wa kushoto umekuwa wa njano na mnene, huo nilidhani niligonga pedeli tu. Akasema shina liko huku, kila ukivaa boksa unaipitisha miguuni unapandisha fangasi juu, kwa hiyo kuanzia leo vaa soksi kwanza ndo uvae boksa. Nilicheka lakini nafanya mpaka leo.

Nikapima ini kwanza, afu nikapewa vidonge vya terbinafini 250 mg, kimoja kwa siku, na krimu ya klotrimazoli mara mbili kwa siku, nipake mpaka nivuke kidogo ukingo wa baka. Mapajani wiki 4, akasisitiza wiki 4 hata kisipowasha, maana ngozi mpya inachukua karibu mwezi kupanda kutoka chini mpaka juu. Nikaanza kuweka alama kwenye kalenda ya ukutani.

Wiki ya kwanza ilikuwa mbaya kuliko zote, bila steroidi kila kitu kilichachamaa, nyekundu, kinawaka, nikamwambia mke wangu huyu mama kaniua. Siku ya 10 hivi muwasho ukakata. Na hapo ndo penyewe, mkono ulikuwa unakwenda droo kuiweka tyubu, kalenda ikanisuta. Siku ya 18 magamba hayapo. Wiki ya 4 ngozi imelala tambarare ila nyeusi tii, nikarudi kwa daktari nikilalamika doa bado, akasema doa siyo ugonjwa, ni rangi iliyobaki, usilisugue na usilipake mkorogo. Lilichukua kama miezi 5 kufifia.

Kumbe na mtoto wangu wa miaka 6 alikuwa na mapunye, nilikuwa nampaka hiyohiyo krimu yangu. Pale nikaambiwa krimu haifiki kwenye mizizi ya nywele, mapunye ni vidonge, akapewa griseofulvini wiki 8, anameza na chakula chenye mafuta kidogo ili ishike vizuri, kwetu ilikuwa chapati au maziwa. Wiki 8 kumbembeleza mtoto kidonge ni kazi jamani, tulikaribia kuacha mara mbili. Nywele zimeota zote. Taulo sasa kila mtu na lake, na kinyozi tukienda tunaomba asafishe mashine kwa spiriti, akinuna anune.

Ukucha ndo mwenye kiburi. Vidonge kwa ajili yake niliongezewa vikafika wiki 12, nikamaliza nikauangalia, wa njano vilevile. Daktari akasema dawa imefanya kazi yake, ukucha wa zamani hauponi, unasukumwa nje na mpya, na dole gumba la mguu linachukua mwaka mpaka mwaka na nusu. Sahivi niko mwezi wa 9, mweupe umevuka nusu kidogo, kila Jumapili nakata kipande cha njano.